Kabla Hujalipa Mtu Akutengenezee Tovuti ya Shamba, Soma Hili

Wiki hii nilipanga tuendelee na mbolea za kukuzia, ila limeingia jambo jingine, na naona nikilisogeza mbele nitapata aibu ya kulisema kabisa. Ndani ya mwezi huu mmoja vijana watatu wamenipigia kuuliza kitu kilekile. Wa kwanza ana kitalu cha nyanya, wa pili anafuga kuku wa mayai, wa tatu anauza viazi kwa jumla. Wote wanataka tovuti. "Afisa, nimwone nani?" Huyu wa kuku ameshapewa bei na fundi mmoja mjini: kurasa saba, picha zinazojigeuza zenyewe pale juu, na sehemu ya kulipia kwa kadi. Kwa kadi! Wateja wake wananunua trei mbili tatu za mayai na kulipa kwa simu wakiwa wamesimama mlangoni.

Msimamo wangu nausema mapema ili asiyetaka aishie hapa. Mkulima wa biashara anahitaji tovuti, na sikubaliani na wenzangu wanaosema ukurasa wa Instagram unatosha. Lakini tovuti nyingi za mashamba ninazokutana nazo zinafanya hasara kuliko kutokuwepo kabisa. Najua ninachosema kwa sababu mojawapo ya hizo niliitengeneza mimi, kwa mikono hii hii, na kuna kijana alilia mbele yangu kwa ajili yake.

Nilikuwa kata moja mkoani Njombe, kipindi kile parachichi za Hass zimepamba moto, kila mwenye robo ekari anachimba mashimo. Kulikuwa na mama mmoja mwenye kitalu kando ya barabara. Kazi yake ilikuwa safi kweli: miche iliyobebeshwa vizuri, viriba vimejaa udongo wa msitu uliochanganywa na samadi, haiuzi miche kabla kidonda cha kubebeshea hakijapona. Shida yake ilikuwa moja, wateja wa mbali hawamjui. Walikuwa wanaishia kwa madalali stendi, wanauziwa miche ya kokwa wakiambiwa ni Hass.

Siku hiyo nimepita kukagua, akaniambia, "Bwana shamba, wewe si unajua kompyuta? Hebu niwekee na mimi kitu huko kwenye mtandao watu wanione." Nikajibu haraka, naweza mama. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejifunza WordPress usiku kwa video, nimetengeneza ukurasa mmoja wa majaribio wenye picha ya mbwa wetu. Tukakubaliana shilingi 300,000, nusu mwanzo na nusu kazi ikiisha. Hapakuwa na karatasi. Tulipeana mikono tu, akanifungashia na mahindi ya kuchoma.

Najua wapo wenzangu wa ugani watakaosoma hapa na kutikisa kichwa. Mtumishi anayelipwa kumshauri kila mkulima wa kata, anapokea hela ya mkulima mmoja kumtangazia bidhaa. Wako sahihi. Nitalirudia hilo, maana ndiko maumivu yalikotokea.

Kazi nilianzia pasipostahili. Wiki mbili nzima nilikuwa nachagua rangi. Kijani hiki au kile? Maandishi yateleze kutoka kushoto au yashuke kutoka juu? Pale juu nikaweka picha kubwa ya shamba zuri ajabu niliyoichukua mtandaoni, miti imepangana kama gwaride, mabomba meusi ya umwagiliaji yamelala kila mstari. Lilikuwa shamba la ng'ambo. Mteja wa kwanza aliyekuja kupitia tovuti alifika kitaluni, akazunguka, akauliza, "Mama, yale mabomba yako wapi?" Mama hakujua anaulizwa nini. Yule mtu aliondoka bila kununua hata mche mmoja, na mimi simlaumu. Ukimdanganya mtu kwenye picha, kwa nini aamini ulichoandika kwenye kiriba?

Hilo dogo. Kubwa ni hesabu.

Nyote mnazijua zile hesabu. Zinazunguka kwenye magrupu kila msimu, zao linabadilika tu: leo tikiti, kesho kware, keshokutwa vanila. Mimi niliikuta moja ya parachichi, nikaona ukurasa wa kitalu bila hesabu utakuwa mkavu, nikaibandika. Ekari moja miti 80. Kila mti kilo 100. Kilo shilingi 1,500. Jumla shilingi 12,000,000 kwa ekari kwa mwaka. Kihesabu haina kosa, zidisha mwenyewe utaipata. Chini yake nikaandika kwa herufi nzito: "Kitalu hiki kinafanya kazi kwa ushauri wa afisa ugani wa kata." Niliona najipamba. Nilichofanya hasa ni kuupiga muhuri wa serikali uongo wa kwenye WhatsApp.

Angalieni hesabu ile inaficha nini. Haisemi kwamba mche uliobebeshwa unaanza kukuonyesha matunda mwaka wa tatu au wa nne, tena machache, na kilo 100 kwa mti ni habari ya mti uliokomaa na kutunzwa, si habari ya mti wa miaka mitatu. Haisemi kuwa mnunuzi wa kusafirisha nje anachambua: dogo, lenye mkwaruzo, lililochumwa halijakomaa, yote yanabaki kwako. Bei nayo imegandishwa palepale kana kwamba soko ni jiwe. Na maji hayatajwi popote.

Mwaka uliofuata alikuja kijana ofisini. Alitokea upande wa Makambako, kule kwenye upepo. Hakunisalimia vizuri, akatoa simu, akanionyesha ule ukurasa alioupiga picha kwenye skrini, na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye ile sentensi ya afisa ugani. "Huyu ni wewe?" Nikasema ni mimi. Alikuwa amekopa Saccos. Alinunua kwa mama yule miche 400 kwa shilingi 5,000 mmoja, yaani milioni mbili kabla hujahesabu mashimo, samadi na gari. Akapanda mwezi Machi, mvua zikielekea ukingoni, kwenye ekari karibu tano zisizo na kisima wala mfereji. Ilipofika Oktoba miche 230 ilikuwa imekauka.

Tulikaa tukapiga hesabu ambayo nilipaswa kuiandika tangu mwanzo. Mche mchanga kiangazi ukiupa ndoo moja tu ya lita 20 kwa wiki, miche 400 ni lita 8,000 kila wiki. Hayo ni mapipa 40 ya lita 200. Kuanzia Juni mpaka mvua zirudi Novemba. Kijana alikuwa anabeba maji kwa baiskeli. Alipoiona ile namba 40 alinyamaza, halafu akaanza kulia, analia kimya kimya kama mtu mzima anavyolia. Alisema maneno mamoja tu: "Ungeandika hili, ningepanda hamsini."

Hamsini. Kitalu kingeuza miche 50 badala ya 400, na mwaka uliofuata kingeuza mingine 50, na mingine. Mpaka leo nikiona tovuti ya kitalu au ya vifaranga yenye jedwali la mamilioni, nasikia ile sauti.

Kwa hiyo nawaambia waziwazi vijana wangu mnaotaka kuwekwa mtandaoni: usiweke makadirio ya faida ya mnunuzi kwenye tovuti yako. Wewe unauza mche, kifaranga, mbegu ya kiazi. Eleza unachouza: umri wake, kimebebeshwa lini, kimechanjwa nini, kinataka nini kikifika shambani. Faida ya mtu mwingine huna mamlaka nayo. Hujui udongo wake, hujui kama bondeni kwake maji yanatuama na mizizi ya parachichi itaoza. Fundi wa tovuti atakwambia hesabu inavuta wateja. Ni kweli inavuta. Kijana wa Makambako naye alivutwa.

Na ukitaka jina la mtaalamu likutetee, mwombe aandike kwa jina lake ushauri anaoweza kuusimamia mbele ya watu, kwa mfano nafasi ya kupandia, au kwamba uchanganye miti michache ya Fuerte kusaidia uchavushaji. Zaidi ya hapo mwache. Mimi mwenyewe siku hizi nasaidia vijana kuandaa tovuti zao, lakini sipokei hela ya mkulima wa eneo langu wala jina langu haliendi pale.

Sasa tuje kwenye kosa la pili, ambalo halikumliza mtu ila lilimtia mama hasara. Lile jina la tovuti, lile linaloishia na .co.tz, nililisajili mimi. Kwa barua pepe yangu, kwa namba yangu ya simu, kwa jina langu. Sikuwa na nia mbaya, nilikuwa na haraka, na mama hakuwa na barua pepe, nikaona kumfungulia ni usumbufu. Mwaka ukapita. Mimi nikahamishwa wilaya nyingine, laini ya zamani nikaipoteza pamoja na simu kwenye basi. Ujumbe wa kukumbusha kulipia ukawa unaenda kwenye barua pepe ambayo nilikuwa siifungui. Jina likaisha muda, tovuti ikazimika.

Mama alikuwa ameshachora bango la bati barabarani lenye ile anwani. Ameshapiga mihuri ya risiti. Watu wanaandika anwani, hakuna kitu. Wengine wakadhani kitalu kimefungwa, na ilikuwa ni Novemba, msimu wenyewe wa kuuza. Alikuwa hana hata pa kuanzia, maana kwa msajili yeye hatambuliki, anayetambulika ni mimi. Jina likiisha muda kuna kipindi cha neema unaweza kulilipia ukalirudisha, lakini kipindi hicho kikipita linarudi sokoni, mtu yeyote anaweza kulichukua. Sisi tuliwahi kwa siku chache tu, baada ya mama kunitafuta kupitia mwenyekiti wa kijiji, kupitia shemeji wa mtendaji, mpaka akanipata. Aliponipigia hakugomba. "Mwanangu, ule mtandao wangu umeupeleka wapi?" Ningependa angegomba.

Ada ya jina kwa mwaka ni ndogo, haifiki bei ya mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia. Hasara haikutoka kwenye ada, ilitoka kwenye swali la nani ana ufunguo. Ni kama kiwanja. Fundi akikujengea nyumba, hati haiandikwi jina la fundi. Fungua barua pepe ya biashara yako kabla hujamwona fundi, kwa namba ya simu ambayo iko mikononi mwako. Jina lisajiliwe kwa hiyo. Seva inayobeba tovuti nayo ilipiwe kwa akaunti ya hiyo. Maneno ya siri yaandike kwenye daftari lile lile la mauzo, tarehe ya kulipia iweke kwenye kalenda ukutani, na fundi akishamaliza kazi badilisha maneno hayo. Fundi mwaminifu hatachukia. Akichukia, umeshapata jibu.

Na malipo yaende kwa hatua, kwenye karatasi iliyosema nini kinafanyika kwa hela gani, nani anaandika maneno, nani anapiga picha, marekebisho ni mara ngapi. Hilo la mara ngapi msilidharau. Mimi na mama tulibadilisha rangi ya kitufe mara tisa kwa sababu binti yake alikuja likizo.

Tuliporudisha tovuti niliamua kuanza upya, bure, na safari hii sikugusa kompyuta siku ya kwanza. Nilikaa kitaluni kutwa nzima na daftari, nikawa nasikiliza simu ya mama. Kila aliyepiga nikaandika ameuliza nini. Ilikuwa inachosha namna maswali yalivyojirudia. Mche bei gani? Mko wapi hasa, unashukia wapi? Mnatuma Mbeya, mnatuma Iringa, usafiri ni wa nani? Una miezi mingapi? Unazaa baada ya muda gani? Mzigo upo sasa hivi au niweke oda? Mna risiti? Hakuna hata mmoja aliyeuliza "dira yetu na dhamira yetu". Ile sehemu ya dira niliyoitungia aya nne, nikaifuta yote.

Majibu ya maswali yale, kwa mpangilio ule ule wa kuulizwa, ndiyo yakawa tovuti. Ukurasa mmoja. Nasisitiza mmoja, kwa sababu kurasa saba za fundi wa mjini lazima zijazwe, na mkulima akikosa cha kujaza anaanza kutunga. Juu kabisa: Miche ya parachichi aina ya Hass, mahali ilipo, kitufe cha kupiga simu, kitufe cha WhatsApp. Mtu asihangaike kushuka chini kutafuta namba. Kile kiungo cha WhatsApp kinaandikwa wa.me, mkwaju, halafu namba ikianza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Nimeona tovuti ya maana kabisa, imelipiwa hela nyingi, sifuri imeachwa mle ndani na kitufe hakifanyi kazi. Mwenyewe alikuwa hajawahi kukibonyeza. Kibonyeze, tena kwa simu ya mtu mwingine.

Picha tulipiga kwa simu, asubuhi, jua halijawa kali. Kitalu chenyewe, mkono wa mama umeshika kiriba kwa ajili ya ukubwa, kidonda cha kubebeshea kwa karibu. Hiyo ya kidonda ndiyo iliyouza kuliko zote, sababu mnunuzi aliyeibiwa stendi anajua anatafuta nini. Simu za sasa zinapiga picha ya megabaiti tatu, nne, tano. Ukiziweka kumi kama zilivyo, mteja mwenye bando la mia tano na mtandao wa kijijini atasubiri mpaka aghairi. Punguza kila moja ishuke chini ya kilobaiti 200, programu za kufanya hivyo zipo bure. Fundi akikuonyesha kazi kwenye kompyuta yake yenye intaneti ya ofisi, mwambie aifungue kwenye simu yako, mkiwa shambani.

Kwenye bei tulibishana, mimi na mama. Yeye hakutaka kuiandika. Majirani wataona watashusha, madalali wataona watapandisha. Mimi nikasema anayeficha bei anajiongezea kazi ya kujibu simu, tena wenye haya hawapigi kabisa. Tukaafikiana iandikwe bei ya rejareja, bei ya kuanzia miche 100, na tarehe iliposahihishwa. Tarehe ni muhimu kuliko mnavyodhani. Bei isiyo na tarehe, mteja anakuja nayo mwaka mzima baadaye anakwambia "ila mtandaoni mmeandika". Simu za kuuliza bei zilipungua, zilizobaki ni za watu waliokwisha amua.

Sehemu ya kulipia hatukuweka. Tuliandika lipa namba na jina litakalotokea mteja anapolipa, na sentensi moja: likitokea jina lingine, usitume. Matapeli wanapenda biashara za miche na vifaranga kwa sababu mteja yuko mbali na anatanguliza hela. Wananakili picha zako, wanabadilisha namba tu. Sentensi ile ni kinga ya mteja wako na ya jina lako.

Jambo dogo ambalo nililikosea pia mwanzoni: ushuhuda. Niliweka picha za wateja watatu, majina yao yote matatu na namba zao, ili watu wawapigie wathibitishe. Sikuwaomba. Mmoja akaanza kupigiwa na watu anaowajua na asiowajua, wengine wanamuuzia dawa, mwingine anajifanya ametumwa na kitalu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, adabu tu inatosha. Omba ruhusa, iwe ya maandishi hata kwa ujumbe wa simu, na namba ya mtu usiianike.

Nirudi kwa wanaosema Instagram inatosha. Hoja yao naielewa: ni bure, watu wako kule, picha zinaonekana. Itumieni. Lakini akaunti ile si mali yako, inaweza kufungwa ukiwa umelala, kuna walioporwa akaunti zenye wafuasi maelfu na hawakuwa na pa kwenda kulalamika. Na bei uliyoandika Jumatatu, Ijumaa imeshazikwa chini ya video za ngoma. Mnunuzi mkubwa, meneja wa hoteli, mtu wa manunuzi wa taasisi, hashuki kwenye picha 300 kutafuta una tani ngapi. Anaandika kwenye Google, anataka apate jina, mahali, bidhaa, namba. Ndiyo maana hata kabla ya tovuti nawaambia wajiandikishe kwenye ramani ya Google kama biashara. Ni bure, na mteja aliyepotea njia anaelekezwa mpaka getini. Kama hela ni ya kubana, anza na hiyo pamoja na WhatsApp ya biashara yenye orodha ya bidhaa, uza msimu mmoja, halafu tovuti ijengwe kwa faida. Kukopa ili ujenge tovuti sikushauri hata kidogo.

Na yule wa kuku mwenye bei ya kurasa saba, nimemwambia arudi kwa fundi aombe bei ya ukurasa mmoja. Amerudi. Bei imeshuka zaidi ya nusu. Fundi amenuna kidogo, lakini kazi ameipokea.

Kitalu cha mama bado kipo. Siku hizi bei anaibadilisha mwenyewe kwa simu, binti yake alimfundisha. Wiki iliyopita nilifungua nikakuta ameongeza mstari ambao mimi sikuushauri, ameuandika kwa lugha yake: "Kama shamba lako halina maji ya kiangazi, nipigie kwanza kabla ya kutuma hela." Umekaa juu kabisa, karibu na kitufe cha simu.

Sijawaambia yule kijana wa viazi ni nani. Ni yeye yule wa Makambako. Miche 170 iliyopona aliitunza, katikati ya mistari akapanda maharage, baadaye akakodi shamba lenye maji akaingia kwenye viazi, na deni la Saccos alimaliza mwaka jana. Kama amenisamehe hajaniambia, nami sijamuuliza. Alipopiga alisema tu, "Afisa, nataka ule ukurasa mmoja, ila safari hii hesabu usiweke." Tumepanga Jumamosi. Nimemwambia aje na daftari la maswali ya wateja wa wiki nzima, na barua pepe aifungue mwenyewe kabla hajafika.